Siku Hizi Mwenye Nyumba Hapigi Hodi

Nimechoshwa na watu wanaotuambia simu inavunja ndoa, halafu wanatuambia hivyo kwa simu.

Kila Jumapili jioni hunifikia sauti iliyorekodiwa ya mshauri fulani wa ndoa, ndefu kuliko mahubiri ya asubuhi, akinisihi niweke simu chini nimtazame mke wangu usoni. Mwishoni ananiomba niisambaze kwa wanandoa kumi ili nibarikiwe. Aliyenitumia ni mke wangu mwenyewe, mama Rehema. Na anaponitumia hatuko mbali. Tumekaa kochi moja, yeye upande wa soketi, mimi upande wa dirisha, magoti karibu yagusane. Yake inalia ikituma, yangu inalia ikipokea, nami kwa adabu niliyofunzwa na wazazi namjibu kwa kidole gumba cha njano. Yakiisha hayo, mazungumzo ya wikiendi yamekwisha. Wageni wakituona husema, "Nyie mnapendana, hatujawahi kusikia mnagombana." Wangetusikiaje, na sisi wenyewe hatusikiani?

Miezi mingine naivumilia hali hii. Ninayoishtaki leo ni Januari.

Januari ya mtu wa mshahara hapa Dar es Salaam haiishi siku thelathini na moja. Mwajiri anatulipa mshahara wa Desemba mapema, kabla ya Krismasi, ili tufurahi. Tunafurahi. Kisha senti hizo hizo zilizokula pilau na soda zinatakiwa zituvushe mpaka mwisho wa mwezi unaofuata. Katikati hapo shule zinafunguliwa. Kuna ada ya awamu ya kwanza, kuna nauli ya basi la shule, kuna sare mpya kwa sababu mtoto amerefuka bila kuomba ruhusa, kuna madaftari, na kuna ile rimu ya karatasi ambayo hakuna mzazi anayejua inaliwa na nani. Kama haitoshi, mkataba wetu wa nyumba nao unaisha Januari, maana tulipooana tulidhani ndio mwezi mzuri wa kuanzia maisha. Na baba mwenye nyumba hapokei kodi ya mwezi mmoja. Anataka miezi sita, mkononi, na anataka umwambie asante.

Sasa chukua watu wawili wenye Januari ya namna hiyo, waweke sebule moja, mpe kila mmoja simu yenye bando. Utashangaa kwa utulivu. Vyuma vimekaza mpaka vinalia, lakini ndani ya nyumba husikii kitu isipokuwa feni.

Mama Rehema akibanwa huenda Uturuki. Ana tamthilia zake huko, zenye wanaume wa ndevu za kuchongwa wanaolia machozi kabisa, wamesimama kando ya maji ya Bosphorus, wakimwomba mwanamke msamaha. Vipande vyote hivyo nimevitazama kwa jicho la pembeni, na sijawahi kumsikia hata mmoja wao akiulizwa ada. Akitoka Uturuki anaingia majiko ya watu. Anatazama kamba wakubwa wakikaangwa kwa siagi na kitunguu saumu, anatazama keki ya ghorofa tatu ikipakwa krimu, huku jikoni kwetu dagaa wa Mwanza wakisubiri zamu yao, ambayo ni kila siku.

Mimi najificha kwenye mpira. Natazama msimamo wa ligi za nchi ambazo ukinipa ramani siwezi kuzionyesha. Nabishana na kijana nisiyemjua, yuko Tandahimba, kuhusu beki wa kulia wa timu ya Uholanzi, na tunabishana kwa hasira kana kwamba mmoja wetu ndiye anayemlipa. Wenzangu angalau wana mikeka. Mkeka ukichanika, mtu ana sababu ya kununa na mke anaijua. Mimi sichezi kamari, kwa hiyo nanuna bure, na mama Rehema anabaki kukisia.

Wazungu wameliona jambo hili na wakalipigia hesabu. Watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Baylor kule Texas, James Roberts na Meredith David, walichapisha mwaka 2016 matokeo ya kuwahoji Wamarekani watu wazima 453. Asilimia 46.3 walisema wenza wao huwapuuza kwa ajili ya simu. Asilimia 22.6 walisema jambo hilo limewaletea ugomvi. Nimezisoma takwimu hizo kwa wivu mkubwa. Kumbe zaidi ya nusu ya watu hao wanatazamwa usoni! Hesabu hiyo ingepigwa Tabata katikati ya Januari, wangepatikana wasiopuuzwa wa aina moja tu, wale ambao simu ya mwenza iko kwa fundi au imewekwa rehani.

Lakini kuhesabu vichwa vilivyoinama hakutoshi. Inabidi tuulize vinasoma nini.

Nimekulia Magomeni, katika nyumba ya vyumba sita yenye ukumbi katikati na choo uani, kila chumba na mpangaji wake. Mwenye nyumba wetu alikuwa mzee wa kanzu na bakora, akija mwenyewe alfajiri kabla watu hawajatoka. Alipiga hodi chumba baada ya chumba. Hodi ile waliisikia baba na mama kwa wakati mmoja, wakiwa kitanda kimoja. Walitazamana. Hapakuwa na haja ya kuambiana neno. Baba alihamia nyuma ya kabati, mama akajifunga kanga ya pili, akafungua mlango nusu. "Shikamoo mzee. Ah, baba watoto katoka usiku wa manane, kaitwa kazini." Mzee alivitazama viatu vya baba pale mlangoni, akavitazama tena, akasema atarudi Ijumaa. Mlango ulipofungwa baba alitoka nyuma ya kabati na vumbi la kichwani, na hapo ndipo kikao kilipoanza. Walihesabu sarafu juu ya shuka. Walilaumiana kidogo kuhusu redio iliyonunuliwa bila sababu. Kisha mmoja wao alicheka.

Sitaki kuwasifia watu wa zamani kupita kiasi. Walikuwa na visa vyao, na baba yangu alikuwa na siri ambazo zilikuja kusomwa siku ya arobaini yake. Ninachosema ni kwamba shida ya siku zile ilikuwa na adabu. Iliingia kwa mlango, ikawakuta wote wawili, ikajitambulisha. Barua ya shule aliileta mtoto mkononi, ikawekwa mezani, kila mwenye macho akaisoma. Hata simu za mkononi zilipoingia, zilikuja kimaskini, zikatulazimisha kuelewana. Tulikuwa tunabip. Bip moja maana yake nimefika, bip mbili nipigie, na bip tatu mfululizo maana yake kuna jambo. Hukuweza kubip mtu usiyepatana naye kwanza, asingejua unasema nini.

Na skrini? Ilikuwepo. Televisheni zilipoanza kurusha matangazo Tanzania Bara mwaka 1994, nyumba yenye runinga ilikuwa ya mtaa mzima. Miaka ile ya Isidingo, tamthilia ya Afrika Kusini iliyokuwa ikionyeshwa ITV, mabaharia na wauza mitumba walikaa mkeka mmoja na wake zao wakimlaani mtu mmoja. Mwanamume aliyesema huo ni upuuzi wa wanawake ndiye aliyeuliza asubuhi, akijifanya anatafuta mswaki, "Hivi jana iliishiaje?" Skrini ilikuwa moja, macho ishirini, na kwa nusu saa nyumba nzima ilikuwa upande mmoja.

Sasa njoo kwetu leo. Mwenye nyumba wangu ni mtu wa kisasa, hajapiga hodi tangu tuhamie. Anatuma ujumbe, tena kwangu peke yangu, kwa kuwa jina langu ndilo liko kwenye mkataba. "Habari za asubuhi ndugu. Nakumbusha lile jambo letu." Hasemi jambo gani. Ni mstaarabu kiasi kwamba ningependelea anitukane. Naupokea ujumbe huo nikiwa nimekaa ubavuni mwa mke wangu, tumbo linanipata joto, mapigo ya moyo yanakwenda mbio, na yeye hajui kuwa mwenye nyumba ameingia, amekaa katikati yetu na amekunja nne. Simwambii. Daktari alisema presha yake ipumzishwe.

Yeye naye ana wa kwake. Kikundi cha wazazi kiko kwenye simu yake, kwa hiyo orodha ya wanafunzi ambao ada yao "haijakamilika" inamfikia yeye, na jina la Rehema liko kwenye mstari wa tatu, mbele ya wazazi wote, akiwemo yule mama anayejibu kila tangazo kwa mikono iliyokunjwa. Kikoba kiko kwenye simu yake. Dada yake anayeomba nauli ya kurudi chuo yuko kwenye simu yake. Haniambii. Anajua sina, na hataki nionekane sina.

Hivyo kila mtu anamhurumia mwenzake kimyakimya, na huruma hiyo ukiitazama kutoka upande wa pili wa kochi inafanana kabisa na dharau.

Ajabu zaidi, simu ile ile iliyoleta pigo ina dawa yake chini ya kidole. Zamani ukipokea habari mbaya ilibidi uinuke, utoke, uende kijiweni au kwa shangazi ukatafute faraja, na njiani ungekutana na mtu. Sasa ujumbe wa mwenye nyumba unaushusha kwa kidole, na papo hapo kuna mbuzi anayecheza muziki. Unamcheka mbuzi. Mama Rehema anakusikia unacheka. Yeye ametoka kusoma orodha ya ada. Unadhani anawaza nini? Anawaza, "Huyu mwanamume hana habari." Dakika tano baadaye anatabasamu yeye, Mturuki wake amesamehewa, nami nawaza, "Mwenzangu raha zake haziguswi." Wote wawili tuna mzigo, na kila mmoja ana ushahidi wa macho kuwa mwenzake anastarehe.

Usiku ndio hatari. Saa sita paji la uso langu linang'aa gizani, nasoma upya ule ujumbe, nikitafuta kama kuna herufi inayoashiria huruma. Sauti inatoka chini ya shuka.

"Nani huyo, baba Rehema?"

"Hakuna mtu."

"Hakuna mtu, na unamsoma?"

Nitajibu nini? Tangu dunia iumbwe hakuna mume aliyeaminiwa kwa kusema "ni mwenye nyumba" saa sita usiku. Nikimwonyesha ataijua kodi, nisipomwonyesha atamjua mchepuko ambaye hayupo. Mimi, kwa kulinda presha yake, nachagua mchepuko.

Na hawa waliotengeneza WhatsApp wametusaidia kwa nguvu zao zote. Novemba 2014 walituletea tiki za bluu, ili mke ajue dakika uliyosoma ujumbe wake wa kuomba hela ya gesi na dakika zote ulizokaa bila kujibu. Nilikuwa natafuta hiyo hela! Mtu anatafutaje hela huku anaandika? Kisha mwaka 2017 wakaleta uwezo wa kufuta ujumbe uliokwisha kutumwa, lakini wakaacha kibao pale pale kinachosema ujumbe huu umefutwa. Huu ni uchokozi. Siku moja ya Januari nilikuta kibao hicho kutoka kwa mama Rehema. Nilikesha. Niliwaza mengi ambayo mtu mwenye watoto hapaswi kuwaza. Wiki kadhaa baadaye, katika ugomvi wa jambo jingine kabisa, ikajulikana alikuwa ameandika, "Ada tutafanyaje?" akanihurumia, akaifuta. Laiti angeiacha! Swali la ada ningelala nalo vizuri kuliko kile kibao.

Lingine ni hizi "status". Mama zetu walikuwa na kanga. Mke akiwa na neno lake, alinunua doti yenye jina linalofaa, akajifunga, akapita mbele ya mhusika akiwa amebeba sinia, kimya. Ujumbe ulimfikia aliyekusudiwa na majirani wawili watatu, basi. Tena ulikuwa na gharama, doti si bure, kwa hiyo mtu alifikiri kwanza. Leo mama Rehema akichoka na kimya changu anaandika, "Kuna watu ukiwa nao uko peke yako," anaweka na picha ya machweo. Wanaliona shoga zake wote, fundi cherehani, mwalimu wa darasa, na mama mkwe. Mimi silioni, kwa sababu bando langu limeisha. Kesho yake mama mkwe ananipigia. "Baba, kuna tatizo gani huko?" Nasema hakuna. Na kwa kweli, kwa taarifa nilizonazo, hakuna.

Yote hayo ni nafuu ukilinganisha na mikopo ya kwenye simu. Jirani yangu mmoja, mtu mzima na heshima zake, ada ilimbana akakopa kwenye programu aliyoiona ikitangazwa katikati ya video. Alikopa kitandani, mkewe amelala pembeni, ndani ya dakika chache, bila dhamana wala mdhamini. Dhamana ilikuwa orodha ya namba zilizomo kwenye simu yake, aliyoiruhusu kwa kubonyeza "kubali" bila kusoma. Siku ya kulipa ilipopita, ujumbe ulikwenda kwa bosi wake, kwa shemeji zake, na kwa mkewe, ukimtaja kwa jina kuwa ni tapeli. Wakopeshaji kama hao walizidi mpaka Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ikatangaza hadharani orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila leseni. Jirani deni alilimaliza. Ugomvi wa nyumbani ulichukua muda zaidi, na mkewe alipozungumza na mama Rehema hakulalamikia fedha. Alisema, "Mambo ya chumbani kwangu nimeambiwa na mtu nisiyemjua, naye kaniita 'ndugu mteja'."

Hapo ndipo lilipo jambo lenyewe. Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971 inawataka wanandoa wanaotaka kuachana wapite kwanza kwenye baraza la usuluhishi. Imeorodhesha mambo yanayoweza kuonyesha kuwa ndoa imevunjika, yakiwemo uzinzi, ukatili, na mwenza kumtelekeza mwenzake kwa muda usiopungua miaka mitatu. Waliotunga sheria ile walikuwa watu makini, lakini hawakuweza kumwona kwa mbali mume anayemtelekeza mke akiwa amelala naye kitanda kimoja, mkono wa kushoto ukimgusa na wa kulia ukiwa Uholanzi.

Utaniambia basi zima simu. Wapo wanaoshauri hivyo: nunueni kikapu, wakati wa chakula wekeni simu zote ndani, mzungumze. Ushauri huu, nawaambia, umetungwa na mtu asiyedaiwa. Kikapu cha Januari hakikai kimya, kinatetemeka na kusogea juu ya meza, na kila kikitetemeka sote wawili tunaacha kutafuna. Halafu simu ndiyo pochi, ndiyo benki, ndiyo kikoba, ndiyo anapopatikana mama yangu kijijini. Kuizima ni kujifungia na shida ile ile, ukaipunguzia nauli.

Kuzimwa kwenyewe tulikuonja, tena bila kuombwa ridhaa. Ilikuwa masika ya 2024. Mvua zilikuwa zimetuweka roho juu kwa wiki nyingi, na tarehe 4 Mei kimbunga Hidaya kikafika mpaka Mafia. Tulikuwa bado tunahema, Jumapili ya tarehe 12 mikongo miwili ya chini ya bahari, EASSy na Seacom, ikapata hitilafu, na intaneti ikadorora kuanzia kwetu mpaka kwa majirani. Na ilikuwa Siku ya Mama! Waume wa mji huu, ambao mwaka mzima hawajamwambia mtu asante kwa chai, walikuwa wameandaa picha za wake zao na aya nzima ya maneno matamu kwa ajili ya kuwaonyesha watu wengine. Kiduara kikazunguka. Mapenzi yakabaki kwenye rasimu.

Kwetu Mturuki aliganda katikati ya kumbatio. Mama Rehema akaipiga simu makofi mawili, akaizungusha hewani, akaiweka chini. Akanitazama, kwa mara ya kwanza baada ya muda.

"Hilo shati umelinunua lini?"

"La zamani hili."

"Mh." Kimya. "Na kile kiporo cha kodi ya Januari, ulimaliza?"

Sikuwa na mbuzi wa kukimbilia. Nikasema bado. Wapenzi wa hadithi nzuri mtanisamehe, hatukushikana mikono tukaangalia mvua. Tuligombana. Tuligombana kwa sauti, mpaka Rehema akapelekwa kwa jirani akacheze, shati likarudi kwenye ajenda, redio ya baba yangu ikatajwa, na dada mtu na nauli yake ya chuo akatajwa. Kisha yeye akaleta daftari la kikoba, nami nikafungua meseji za kawaida, maana hizo hazikuhitaji intaneti na hazikuguswa na hitilafu yoyote. "Nakumbusha lile jambo letu." Akazisoma zote, tangu ya kwanza. Akaniuliza, "Hizi zote ulikuwa unazisoma peke yako?" Siku iliyofuata tulikwenda kwa mwenye nyumba wote wawili, tukapiga hodi sisi. Mzee alishtuka kutuona pamoja, akadhani tumekuja kuachana mbele yake. Alitupa muda wa kulipa kidogokidogo, na nasaha ndefu ambayo hatukuiomba.

Intaneti ilirudi polepole siku zilizofuata, nasi tukarudi polepole kwenye pembe zetu za kochi. Sijaona mtu aliyepona kwa Jumapili moja.

Ila kuna kazi moja ya simu ambayo haijawahi kutugombanisha hata Januari, na nimeitafakari sana. Ni LUKU. Umeme ukikatika usiku, nikinunua, zinakuja namba ishirini kwenye simu yangu. Mita iko ukutani kwenye kona, na mtu mmoja hawezi kumulika, kusoma na kubonyeza kwa pamoja bila kukosea. Kwa hiyo mimi nasoma kwa sauti, nne nne, na mama Rehema anabonyeza akizirudia. "Sita, saba, sifuri, tatu." "Sita, saba, sifuri, tatu. Endelea." Ikikosewa moja, mita inakataa, mnaanza upya bila kulaumiana sana, kwa sababu giza ni lenu wote. Hapo simu ni ile ile, na skrini ni ile ile. Tofauti ni kwamba kilichoandikwa kimesomwa kwa sauti, na kuna mtu wa kukipokea.

Deni nalo lingesomwa hivyo hivyo kama namba za LUKU, nyumba nyingi zingewaka.

Kwa hiyo washauri wa ndoa waniondolee vikapu vyao. Sikuombi wewe msomaji uzime simu, wala uache mpira, wala umfukuze Mturuki, naye ana watoto. Nakuomba kitu kimoja cha leo usiku. Kabla hujamfungua mbuzi wako, chukua ujumbe uliokutia tumbo joto leo, mgeukie mwenzako, umsomee kwa sauti mpaka mwisho, na jina la aliyetuma. Kisha umwombe naye akusomee wa kwake. Mkigombana, gombaneni, ilimradi mnagombania kodi na si simu. Mwenye nyumba ameacha kupiga hodi, na hatarudia. Anayebaki wa kumtangaza kuwa ameingia ni wewe uliyempokea.